Swali Lililoulizwa Mara Mbili

Sanduku la mpwa wangu bado liko juu ya kabati chumbani kwangu, Majengo, Mombasa. Ndani mna kanzu mbili alizomshonea mumewe, kofia ya vito iliyodariziwa miezi minne, na doti tatu za leso za kuwapelekea mawifi. Palikuwa na halua pia, kilo mbili, lakini halua tuliitoa tukaila wenyewe ilipodhihirika kwamba safari haipo. Vilivyobaki hatujavigusa.

Ameniruhusu nisimulie yaliyompata kwa sharti la kutomtaja jina. Nasimulia kwa sababu haupiti mwezi sijasikia binti mwingine aliyeolewa na mume wa ng'ambo akipanga kumfuata kwa viza ya matembezi huku makaratasi ya ndoa yakiendelea. Na wanaomshauri wanasema yale yale tuliyoambiwa sisi.

Nikahi ilifungwa Desemba 2021. Bwana harusi ni mtoto wa mji huu huu, alikwenda Marekani alipomaliza sekondari, akapata uraia wa kule, na sasa ni dereva wa lori Minnesota. Alikaa fungate na wiki mbili juu yake, akarudi kazini. Februari 2022 alipeleka kwa idara ya uhamiaji ya Marekani petisheni ya kumchukua mkewe, Fomu I-130, kwa ada ya wakati ule ya dola 535. Akapewa risiti yenye namba. Baada ya hapo, kimya.

Asiyewahi kungoja hawezi kukijua kimya kile. Petisheni ya mke wa raia haikai kwenye foleni ya mgao wa kila mwaka, kama ile ya mke wa mtu mwenye grinikadi tu, lakini haina haraka vilevile. Lazima ikaguliwe na kuidhinishwa, ihamishiwe kituo cha taifa cha viza kilichoko Portsmouth, New Hampshire, zilipwe ada nyingine, zikusanywe hati, kiletwe cheti cha polisi cha tabia njema, upimwe na daktari aliyeteuliwa, ndipo uitwe ubalozini. Muda wote huo bibi harusi yuko kwa mamake kama ambaye hakuolewa. Saa tatu usiku, sisi tukikunja majamvi, ndiyo saa saba mchana ya kule wakati wa kiangazi chao, mumewe ameegesha lori anakula. Nusu saa ile ndiyo iliyokuwa ndoa yao. Na majirani nao: "Mbona hakuchukui?" Aliulizwa harusini, akaulizwa matangani, akaulizwa hata amesimama dukani ananunua mkaa.

Naeleza haya ili ijulikane kwamba hapakuwa na mwenye nia mbaya kati yetu. Mtoto alitaka kumwona mumewe.

Novemba 2022 tukaenda, mimi na yeye, kwa kijana mmoja anayejaza fomu za viza kwenye saiba mjini. Kazi yake ilikuwa shilingi 15,000, mbali na ada ya ubalozi, ambayo siku hizo ilikuwa dola 160. Tangu Juni 2023 ni dola 185. Fomu ya viza ya matembezi inaitwa DS-160 na hujazwa kwenye intaneti. Kijana alikuwa mpole, mwenye maneno ya kutuliza, akiuliza huku vidole vinakwenda. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Kazi. Akafika kwenye ndoa.

"Ameolewa?"

"Ameolewa," nikajibu mimi.

Akaacha kuandika, akanigeukia. "Mama, tukiandika ameolewa na mume yuko kule kule, hiyo viza tuisahau. Tuandike hajaolewa. Anakwenda kutembea, ana rafiki yake huko. Akishafika, mambo mengine watapanga wenyewe."

Mpwa wangu akanitazama. Mkubwa pale nilikuwa mimi, na alikuwa akingoja neno langu. Nilinyamaza. Yule kijana akakuchukulia kunyamaza kwangu kuwa ndiyo ruhusa, na mtoto naye vivyo hivyo. Nimemwomba radhi mara nyingi kwa ukimya ule.

Baada ya hapo uongo ulizaana wenyewe. Fomu inauliza kama una mume, mchumba, mtoto au ndugu wa tumbo moja aliyeko Marekani: hapana. Inauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kupeleka petisheni ya uhamiaji kwa ajili yako: hapana. Inauliza kama kuna aliyekusaidia kuijaza: hapana, na aliyeandika jibu hilo ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiijaza. Fomu haina mahali pa kalamu. Sahihi yake ni kitufe cha mwisho, na sheria inataka kibonyezwe na mwombaji mwenyewe hata kama kujaza amejaziwa. Kijana alikibonyeza yeye, simu ameibana begani akisema na mteja mwingine. Akatupigia chapa ukurasa wa uthibitisho, akapokea pesa zake. Mbele ya sheria, aliyekana ndoa ni mpwa wangu. Yule kijana hayumo popote katika karatasi zile.

Je, alikuwa amekosea aliposema mke wa mtu aliyeko kule hupata tabu ya viza? Hakukosea, na hapo ndipo maneno yake yalipopata nguvu. Kifungu cha 214(b) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952 kinamchukulia kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anakwenda kuhamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba atarudi. Mwenye mume kule, na petisheni ndani, ana kazi kubwa zaidi ya kumridhisha huyo afisa. Wengi hunyimwa. Lakini jambo ambalo kijana hakutuambia, na sidhani kama alilijua, ni kwamba hakuna sheria inayomkataza mwenye petisheni kuomba kwenda kutembea. Na anayenyimwa kwa kifungu hicho hupewa karatasi akaenda zake nyumbani. Petisheni ya mumewe inaendelea pale pale ilipokuwa. Akitaka kuomba tena ataomba, mradi alipe ada upya na akiri kwamba aliwahi kunyimwa. Pesa imepotea, moyo umeumia, basi.

Uongo una kifungu chake mbali, 212(a)(6)(C)(i). Anayetafuta viza kwa udanganyifu, au kwa kusema uongo katika jambo la msingi, hafungiwi mwaka mmoja wala kumi. Anafungiwa maisha yake yote.

Tarehe ya mahojiano ilikuwa Agosti 2023. Tulipanda SGR Miritini, tukalala kwa jamaa Pangani, Nairobi. Usiku ule nilimkuta ameinama kwenye sinki ya jikoni, anajisugua mikono kwa limau na chumvi. Alikuwa na hina. Kwetu hina ya namna ile, ya kujaa kiganja hadi kifundo, ni ya mwanamke aliyeolewa, naye alikuwa ameipaka wiki moja nyuma akiwa na furaha ya safari. Sasa aliogopa kwamba afisa ataijua. Afisa wa Kimarekani angeijulia wapi? Lakini yeye mwenyewe aliijua, ndiyo maana hakuweza kulala nayo. Hina haitoki kwa limau. Asubuhi kucha zilikuwa bado nyekundu na ngozi ya viganja imechubuka. Pete alinipa mimi nikaifunga kwenye pembe ya leso.

Simu haziruhusiwi ndani ya ubalozi pale Gigiri, kwa hiyo nilibaki nje na simu yake na pete yake. Yaliyotokea dirishani nayajua kwa kusimuliwa naye, na amenisimulia mara nyingi, kila mara kwa maneno yale yale.

Walichukua alama za vidole vyote kumi. Afisa, mwanamke wa makamo, akamwuliza anakwenda wapi, kwa muda gani, kwa nani. Kisha akamwuliza kama ameolewa. Akasema hajaolewa. Afisa akatazama kompyuta yake, akakaa kitambo. Halafu akauliza tena, polepole, kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza: "Una hakika hujawahi kuolewa?"

Mpwa wangu anasema alihisi kama anafunguliwa njia, lakini hakujua ni njia ya kwenda wapi. Akasema ana hakika.

Ndipo afisa akamsomea jina la mumewe, jina lote na la babake, na mwezi ambao petisheni ilipelekwa.

Petisheni si siri ya mume na mke. Ikipelekwa inaingia kwenye mitambo ya serikali, na afisa wa ubalozi ana njia ya kuiona. Hatukulijua hilo. Tulidhani ofisi ya kule ni ya kule na dirisha la Gigiri ni la Gigiri, kama kwetu ambako unaweza kupeleka karatasi moja kwenye ofisi mbili na zisijuane.

Swali lile la pili ndilo linaloniuma zaidi, tangu wakili alipotueleza baadaye. Mwongozo wanaoufuata maafisa wa viza wa Marekani unasema kwamba mtu akirudi nyuma kwa hiari yake, akasahihisha uongo wake mapema kabla haujafichuliwa, ule uongo hauhesabiwi. Laiti angesema pale pale, "Nisamehe, nimeolewa, fomu nilijaziwa vibaya," huenda angenyimwa viza ya matembezi na kurudi Mombasa analia, lakini kilio cha wiki moja. Akishasomewa jina la mumewe, kukiri hakumsaidii tena. Njia ile inakaa wazi kwa muda wa pumzi mbili tatu, na ukishaisikia sauti ya afisa imebadilika, yawezekana imekwisha kufungwa.

Alitoka na karatasi mkononi. Mumewe alikuwa amepiga simu mara tatu, na mara ya nne niliipokea mimi, sikujua la kumwambia.

Mwalimu mmoja wa Kisauni, rafiki yangu wa miaka mingi, alipita njia hiyo hiyo kabla yetu, na najuta kwamba sikumwendea yeye kwanza. Mumewe naye ni raia wa Marekani, petisheni yake nayo ilikuwa ndani. Januari 2019 aliomba viza ya matembezi, akaandika kila kitu: ameolewa, mume yuko kule, petisheni ipo, namba yake hii. Akanyimwa. Alilipa tena miezi michache baadaye, akaandika yale yale, safari hii na barua ya ruhusa ya likizo ya Agosti, hati za mshahara, na maelezo mafupi kwamba anakwenda kumwona mumewe shule zikifungwa na atarudi zikifunguliwa, kisha atangoja viza yake ya uhamiaji Mombasa kama wanavyongoja wengine. Akapewa.

Hata hivyo viza haikuwa mwisho. Viza hukufikisha mlangoni tu. Wa kukuingiza ni afisa wa mpakani, kule kule uwanja wa ndege. Huyo anaweza kukupekua mizigo, anaweza kufungua simu yako akasoma ulichoandikiana na mumeo. Mwalimu aliwekwa kando karibu saa mbili. Sanduku lake lilikuwa dogo: nguo za wiki tatu, tikiti ya kurudi, na vitabu vya wanafunzi vya kusahihisha. Hakubeba vyeti vyake vya shule, hakubeba cheti cha kuzaliwa, hakubeba vyombo. Alipoulizwa kwa nini asibaki, alijibu kwamba ana darasa la watoto hamsini na wawili linalomngoja. Aliandikiwa miezi sita, muda ambao wageni wa matembezi huandikiwa kwa kawaida. Alikaa siku 24, akarudi. Viza ya uhamiaji ilipofika zamu yake, hakuulizwa mengi.

Nikilifikiria sanduku la mpwa wangu, lenye kanzu za mume na leso za mawifi, najua hata kama dirisha la Gigiri lingempitisha, sanduku lingemsema uwanjani. Na pale mambo huwa mazito zaidi. Afisa anaweza kukuruhusu uondoe ombi lako la kuingia na upande ndege ya kurudi, viza imefutwa, au anaweza kukuandikia amri ya kuondolewa inayokufungia miaka mitano, na juu yake ule wa maisha ukiwa umesema uongo.

Kuna wanaoingia wakabaki, na habari zao ndizo zinazotembea kwa kasi mitaani. "Fulani alikwenda kutembea, akabadilishia makaratasi huko huko." Ni kweli sheria ina mlango huo kwa mke au mume wa raia aliyeingia kwa kukaguliwa kihalali, hata kama siku zake zimepita. Lakini aliyeingia akisema ni mtembezi, na moyoni amekwisha kuamua kubaki, amemdanganya afisa wa mpakani, na suala hilo hufufuliwa siku ya mahojiano ya grinikadi. Isitoshe, akishapeleka ombi lile akiwa ndani, hawezi kutoka nchini bila kibali maalumu cha safari. Akitoka bila hicho, ombi linahesabiwa ameliacha. Namjua mmoja aliyefiwa na mamake katika kipindi hicho. Alifuatilia mazishi kwenye simu iliyoshikwa juu ya vichwa vya watu, na hakuona ila migongo. Kwa mke wa mwenye grinikadi ambaye si raia, mlango huo kwa kawaida haupo kabisa kwa aliyepitisha siku zake. Akizidisha siku 180 kisha akatoka, anafungiwa miaka mitatu. Akifikisha mwaka, miaka kumi.

Wazee huniuliza kama haikuwepo viza ya kuwaunganisha wanandoa wakati wa kungoja. Ilikuwepo, na jina lake lingalipo: K-3, iliyotungwa na Bunge la Marekani mwaka 2000 kwa shida hii hii. Lakini inahitaji petisheni iwe bado haijaidhinishwa, na kwa kawaida petisheni yenyewe huidhinishwa kwanza, K-3 ikafungwa bila kutumika. Kwa hiyo aliye raia ndiye anayefunga safari. Ni ghali, likizo ni fupi, ila hakuna afisa anayeweza kumzuia mume kuja kumwona mkewe Mombasa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mumewe alikuja Desemba 2023, akakaa mwezi mzima. Sikumsikia hata siku moja akimlaumu mkewe, wala mimi. Petisheni iliidhinishwa mwaka uliofuata. Mapema 2025 mpwa wangu aliitwa Gigiri kwa mahojiano ya viza ya uhamiaji, ndoa ikakubaliwa kuwa ni ndoa ya kweli, na viza ikakataliwa kwa sababu ya neno moja la Agosti 2023. Kilichobaki ni ombi la msamaha, Fomu I-601, dola 1,050, ambalo ni lazima lithibitishe kwamba mume, raia, atapata dhiki iliyopita kiasi mkewe akizuiwa. Kumkosa mkeo peke yake hakuhesabiwi kuwa ni dhiki ya kiwango hicho. Huko wanaona kila mtu aliyetengana anaumia. Wakili anataka barua za daktari, hesabu za benki, madeni, ushahidi wa mgongo wa dereva wa lori anayeishi peke yake. Ombi limepelekwa. Tunangoja.

Katikati ya hayo alizaliwa mtoto, Septemba 2024, wa kiume. Kwa kuwa babake ni raia aliyeishi kule miaka mingi kuliko mitano inayotakiwa na sheria, mtoto ni raia wa Marekani tangu kuzaliwa. Pasipoti yake iko kwenye droo ya kabati, chini ya lile sanduku. Anaweza kusafiri kesho. Mamake hawezi.

Tulikwenda naye Gigiri kumwandikisha uraia alipokuwa na miezi mitatu. Safari hiyo babake alikuwepo, na mimi nilibaki tena nje na simu zao. Mpwa wangu aliingia na pete kidoleni na hina mpya viganjani. Aliniambia baadaye kwamba afisa aliyekuwa zamu, kijana wa kiume, aliwatazama wote wawili akaanza kuuliza, "Na huyu uliyekuja naye..."

"Mume wangu," akasema, kabla swali halijaisha. Mtoto akashtuka kwa sauti ile, akaanza kulia, na babake akamchukua.